Mwanangu, kuhusu mtoto na Kijerumani chake

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unasema mtoto kabakiza miezi mitatu aende kusoma Ujerumani mwaka mzima wa sekondari, kwenye familia asiyoijua, na Kijerumani hajui hata salamu, sasa unauliza umtafutie mwalimu wa kila siku au uombe safari isogezwe. Usisogeze. Mwalimu mtafutie ila sio wa kila siku, utamchosha afike kule keshaichukia lugha yenyewe.

Unajua mi nilienda hukohuko na miaka 16, nina maneno kama ishirini kichwani, na lililoniponza ni moja tu, ja, yaani ndiyo. Jioni ya kwanza mama mwenye nyumba kaniuliza kitu jikoni, nikatabasamu nikasema ja, akafunika sufuria akaenda zake. Kumbe aliuliza kama nimeshakula! Nikalala njaa. Wiki haijaisha nikasema ja kwa mwalimu nikajikuta kwenye kwaya, na sauti yangu unaijua.

Kwa hiyo kabla ya sarufi afundishwe kusema hajaelewa. Ich verstehe nicht, sielewi. Noch einmal, bitte, rudia tafadhali. Langsamer, bitte, taratibu kidogo. Na wie heißt das, hii inaitwaje, huku kidole kinaonyesha. Hizo nne azirudie mpaka hata ukimkurupusha usingizini zinatoka, maana kuzijua sio kazi, kazi ni aibu, na yule mtoto kakufuata wewe, ataitikia tu ili yaishe.

Halafu namba, hapa ndo pana kazi. Sisi tunasema ishirini na nne, wao wanaanza na nne, vierundzwanzig, nne na ishirini, limegandana neno moja. Niliambiwa basi namba 24, nikaandika 42 kwenye kiganja, nikashushwa upande wa pili wa mji mvua inanyesha na kiganja chenyewe kishafutika. Mchezeshe jioni, we unataja haraka yeye anaandika, ila asiguse kalamu mpaka neno liishe.

Der, die, das, vile vineno vinavyotangulia majina, der ya kiume, die ya kike, das si huku si kule, zisimkoseshe usingizi, ni kama ngeli zetu, mgeni akikwambia kitabu wangu si unamwelewa? Ila neno akilimeza alimeze na der au die yake hapohapo, kurudi kuitafuta baadae ni mateso. (Msichana kwao ni das Mädchen, wala hahesabiki wa kike, usiniulize.) Walimu awaite Sie, ile wewe ya heshima, wenzake du, wewe ya kawaida. Na kabla sijasahau, maksi za kule 1 ndo ya juu na 6 ndo ya mwisho, mi nilipata 5 ya hisabati nikachekelea darasa zima likanigeukia.

Kuhusu simu, mama yako anataka mtoto apige kila jioni. Mi sikubali, jioni ndo muda wa kukaa mezani na wenyeji, na ndo muda kichwa kinagonga kwa kusikiliza kutwa nzima, akipata Kiswahili atajificha humo na mezani harudi. Mara moja kwa wiki inatosha. Kaongee nae wewe, mi nimeshashindwa.

Jumapili nakuja na daftari, namba ntamtajia mwenyewe.

Baba