Maswali yenu: bosi anyamaze kwanza

*Kati ya kupanua mawazo na kuchuja mawazo, kipi ndio muhimu? (Kayole)*

Vyote, kwa zamu: kwanza mnatoa mawazo mengi bila kuyakosoa, huko ndio kupanua, halafu mnachagua yanayofaa, huko ndio kuchuja. Hili nimelijibu mara ngapi jamani, someni kabla ya kuandika.

*Ofisini tuko saba, kila tukikaa kutafuta mawazo tunaishia na lile la bosi. Shida ni sisi? (Westlands)*

Shida ni bosi kuongea kwanza. Akishasema "mimi naona tufanye ofa ya wikendi", nani atampinga na mshahara haujaingia? Lakini hata bosi akiwa mpole, kukaa duara mkirushiana mawazo si dawa vile mnadhani. Alex Osborn, yule mtu wa matangazo wa Marekani aliyeieneza hiyo kitu, alisema msikosoe kwanza, hapo sawa, ila 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipima wakakuta watu wanne wakifikiria kila mtu kivyake, ukijumlisha, wanatoa mawazo mengi kuliko wanne waliokaa pamoja. Mmoja akiongea wengine wanangoja, na ukingoja lako linapotea. Kila mtu aandike kwa karatasi dakika kumi, kimya, bila jina, halafu mmoja asome zote na ya bosi ikiwa huko katikati. Akikataa, basi hamkuitwa kufikiria, mliitwa kupiga makofi.

*Nilifanya ile testi ya ubunifu ya kutaja matumizi mengi ya tofali nikataja manne tu. Mimi si mbunifu? (Rongai)*

Hizo testi zimetokana na kazi ya mwanasaikolojia J.P. Guilford, na zinaangalia umetaja mangapi, ni ya aina ngapi, na kama wengine nao wameyawaza. Ukuta, choo na jiko ni matatu lakini yote ni kujenga. Kuzuia mlango usifungwe na upepo, hapo umehama. Kama unajua kuchagua suluhisho linalofanya kazi, hiyo haikupimwa. Na wacha kulipia testi za intaneti.

*Kitabu cha chama kimejaa mawazo ya biashara, hatujaanza hata moja. (Githurai)*

Nyinyi ndio nilikuwa nawatafuta! Watu wakishafundishwa kupanua wanaona kazi imeisha. Wekeni masharti kabla hamjafungua hicho kitabu: pesa iliyo benki leo bila mkopo, nani atafungua duka Jumatatu asubuhi, na tutajua lini kama imekataa. Wazo lisilo na mtu wa kulisimamia likatwe hata kama ni la mwenyekiti. Yakibaki mawili jaribuni kwa udogo, maana hata M-Pesa ilianza kujaribiwa kama njia ya kulipa mikopo midogo, watu wakawa wanatumiana pesa tu, na ilipozinduliwa 2007 hiyo ya kutuma ndio ikawekwa mbele. Na kuna yule atakuja na wazo jipya siku ya kuchuja, huyo aliandike akae nalo hadi mwezi ujao.