Mahindi kukwama Lungalunga: ushuru si tatizo

Umeuliza kwa nini mahindi ya Handeni yakwame Lungalunga, upande wa Kenya wa mpaka, wakati sote tumo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndugu yangu, ushuru wa forodha hulipi, mradi una cheti cha uasilia, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi mwanachama. Mzigo usiozidi dola 2,000 unatumia cheti cha uasilia kilichorahisishwa, kinachotolewa papo hapo mpakani. Kinachokwamisha ni sumukuvu (aflatoksini), sumu ya kuvu wanaoota kwenye punje zenye unyevu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, ikalegeza siku chache baadaye kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kwa hiyo anzia shambani. Kausha juu ya turubai, usianike chini, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Pima kwa kipimo. Kung'ata punje kunadanganya. Halafu sampuli: watu wengi huchoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, gunia mbili tatu za mlangoni, wakapata majibu mazuri, kisha mpakani mzigo unakataliwa. Sumukuvu haisambai sawasawa, gunia moja linaweza kuwa safi na la pembeni lina sumu. Chota juu, kati na chini, magunia mengi, changanya ndipo upeleke maabara.

Kibali cha kusafirisha nje na cheti cha usafi wa mimea vishughulikie kabla ya kupakia. Lori likishafika Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka huo, bila hivyo, kila siku ya kusubiri unailipia, na mvua ya Tanga ikipenya turubai unyevu unapanda tena.