Simu yenye redio: nilinunua nne, nilihitaji moja

Wiki iliyopita kijana mmoja, msimamizi wa mjengo kama mimi, alinipigia akiwa Luthuli Avenue, Nairobi. "Mzee, niko dukani. Kuna simu hapa ina woki-toki ndani. Haiingii maji, haivunjiki. Nichukue ngapi?" Nikamwambia atoke kwanza, atafute chai mahali, tutaongea jioni. Haya ndiyo niliyomwambia jioni hiyo. Nayaandika kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza.

Nilianza kutumia simu hizi kwenye mjengo mmoja Kileleshwa, ghorofa 14 kwenda juu na ngazi 3 za maegesho kwenda chini. Juu ya slabu mtandao ulikuwa mzuri, lakini ukishuka besimenti ya pili simu inabaki kuwa tochi. Nikitaka lori la zege lizuiwe langoni, namtuma kibarua apande mbio kumwambia soja. Anapofika, lori limeshaingia, limekwama nyuma ya lori la kokoto, madereva wanapigiana honi na majirani wametoka kwenye balkoni kutazama. Niliposikia kuna simu yenye redio nikaona shida zangu zimeisha. Nikanunua 4: yangu, ya mwendeshaji wa kreni, ya fundi mkuu wa besimenti na ya soja.

Hazikuwa redio. Zilikuwa simu nzito zenye kitufe cha rangi ya machungwa ubavuni. Muuzaji alinionyesha: akafinya, akasema "halo halo", sauti ikatokea kwenye simu ya pili. Ingekosaje kutokea, na tulikuwa katikati ya jiji, mtandao umejaa tele? Kitufe kile kilikuwa kinafungua programu ya kupeleka sauti kwa intaneti. Bando ikiisha, umenyamaza. Ukishuka besimenti, umenyamaza vilevile.

Sisemi mfumo huo ni mbaya. Mwenye malori anaweza kukaa Mlolongo, karibu na Nairobi, akaongea na dereva aliye Mariakani, karibu na Mombasa, kwa kufinya kitufe tu, na redio ya mkononi haifiki huko hata uipandishe juu ya jumba refu la KICC. Ila kila mtu na kazi yake, na yangu ilikuwa chini ya ardhi.

Kwa hiyo jaribio langu la dukani siku hizi ni hili: toa laini, zima waifai, mpe mwenzako simu moja avuke barabara, kisha muongee. Redio ya kweli haihitaji laini wala mnara. Inarusha mawimbi yenyewe na mwenzako anayadaka. Tazama pia juu ya simu. Nyingi za kweli huja na antena fupi nene ya kufunga na kufungua, kwa kuwa antena za ndani za simu hazikutengenezwa kwa masafa ya mawimbi hayo. Ulefone Armor 20WT ni mfano wa aina hiyo, ina redio ya dijitali ya DMR ndani yake. Mwenye duka alikubali kunibadilishia baada ya maneno mengi na pesa nyingine juu.

Basi nikarudi mjengoni na redio za kweli, nikafinya, nikamwita soja mwingine wa lango la nyuma, ambaye kampuni yake ya ulinzi ilikuwa imempa redio yake ya kawaida. Nilikuwa nimeshaweka simu kwenye masafa yaleyale. Akanijibu kwa kupiga kelele kutoka langoni: "Boss, hii kitu inasaga unga!" Alichosikia ni mngurumo tu. Simu yangu ilikuwa inarusha dijitali, yaani sauti iliyogeuzwa namba, redio yake ni ya analogi, isiyojua namba hizo, na hizo mbili hazielewani hata kidogo. Nilitumia nusu siku kugundua kwamba kuna mahali kwenye mipangilio pa kuhamisha chaneli iwe analogi. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kama simu ina zote mbili, kwa sababu watu wengi utakaokutana nao mijengoni Nairobi wana redio za analogi za bei nafuu, na hawatazitupa kwa ajili yako.

Bado sikumsikia. Simu yangu ilikuwa imewekewa toni. Redio nyingi huwekewa mlio mdogo usiousikia, kama vile hezi 67.0 au 88.5, na redio ya upande wa pili haifungui spika mpaka iusikie mlio huo. Masafa yafanane, toni nayo ifanane. Menyu za simu hizi huziita toni hizo namba za siri au za faragha, na jina hilo linadanganya watu. Toni inakuziba wewe masikio usisikie wengine, lakini haiwazuii wengine kukusikia. Mtu yeyote mwenye redio ya bei rahisi mtaa wa pili anaweza kuwa anakusikiliza. Mimi nimeshasikia msimamizi wa mjengo jirani akitangaza hewani kwamba pesa za vibarua ziko njiani, na gari ni la rangi gani. Jumamosi, saa nane mchana, Nairobi hii!

Kuhusu kibali nitasema kwa ufupi. Hapa Kenya masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi zao ziko Waiyaki Way. Simu hizi huletwa zikiwa na chaneli zilizopangiwa watu wengine, kwa mfano zile za megahezi 446 ambazo Ulaya mtu yeyote anazitumia bila leseni kwa nguvu isiyozidi nusu wati. Kuruhusiwa Ulaya si kuruhusiwa Nairobi. Kampuni yangu ilikuwa na masafa yake ya redio, nikayatumia hayo. Kama huna, nenda ukaulize, na uliza pia kama simu yenyewe imeidhinishwa kuingia nchini. Usichokore menyu ukatafuta mahali palipo kimya ukaanza kuongea. Pengine palikuwa kimya kwa dakika hiyo tu, na ni pa gari la wagonjwa.

Sasa nije kwa yaliyonifanya nizichukue tena 3 kati ya zile 4 kutoka kwa watu niliowapa.

Siku ya kupandisha vyuma vya slabu ya 9, mwendeshaji wa kreni alikuwa na simu-redio yake kule juu, mimi niko chini namwelekeza. "Teremsha polepole. Polepole. Simama." Mzigo haukusimama. Nikafinya tena: "Simama!" Ukaendelea kushuka karibu mita 2 zaidi, vijana wakaruka pembeni, kisha ndipo ukasimama. Alikuwa amepigiwa simu. Simu ilipoita, redio ikanyamazishwa, naye akawa anahangaika na glavu kuikata. Ni mkewe alikuwa anauliza kama amelipa karo. Hakuna aliyeumia, lakini mimi magoti yalinicheza mpaka jioni.

Tangu siku hiyo, mtu wa kreni anapewa redio tupu, isiyojua M-Pesa wala mkewe. Huo ndio msimamo wangu na sijaona wa kunibadilisha: kifaa kinachofanya kazi mbili kitaacha moja wakati mwingine, na wewe huchagui ni wakati gani.

Ya soja niliichukua kwa sababu nyingine. Anatoka zamu saa kumi na mbili alfajiri, anatembea kwa miguu kwenda stejini, mfukoni ana simu yenye antena iliyochomoza kama mkia wa panya. Unamtafutia mtu matatizo. Redio ya kawaida inabaki kwenye kibanda ikichajiwa, na hata ikiibiwa, bei ya simu moja kama ile ingenunua redio nne au tano.

Anayefaidika na simu ya namna hii ni mtu anayezunguka: leo saa tatu yuko besimenti, saa tano yuko juu anapiga picha za nondo kumtumia injinia, saa saba anaongea na muuza simiti. Huyo anachoka kubeba vitu viwili, na akikatizwa kwa sekunde kumi hakuna anayeangukiwa na chuma. Mjengoni mtu huyo ni mmoja. Pengine wawili.

Umbali usiusome kwenye boksi. Nilikwenda vilima vya Ngong na watoto Jumapili moja, tukaongea kutoka kilima hadi kilima sauti safi kabisa, mitambo ya upepo ikizunguka nyuma yetu. Kileleshwa, katikati ya magorofa, hata kilomita 1 ilikuwa taabu. Wati 2 za simu hizi hazipenyi kuta nyingi za zege lenye vyuma. Kutoka besimenti ya tatu sikuwahi kufika ghorofa ya 12, ila nilifika kwa soja aliyesimama mdomoni mwa njia ya magari, naye akairudia kauli yangu kwenda juu. Mpango wa watu ulitusaidia kuliko nguvu ya redio. Na mfundishe kila mtu kufinya kwanza, asubiri kidogo, ndipo aseme. Wasipofanya hivyo, neno la kwanza linakatwa, na "usimwage" inafika "mwage".

Ugumu wa simu ni wa kweli, ila una mipaka. Ile alama ya IP68 kwenye boksi maana yake vumbi haliingii na inastahimili kuzama kwenye maji safi yaliyotulia, kwa kina na muda aliousema mtengenezaji. Uji wa simiti haukutajwa hapo. Yangu ilianguka ndani ya toroli la zege, ikapona, lakini spika iliziba na sauti ikawa ya mtu mwenye mafua. Siku hizi naisuuza kwa maji ya bomba kabla simiti haijakauka, kizibo cha chaja kikiwa kimefungwa sawasawa. Zile herufi MIL-STD-810H nazo ni mwongozo wa majaribio wa jeshi la Marekani, na mtengenezaji anaweza kuchagua majaribio ya kufanya. Kwa hiyo soma ni yapi. Kuangushwa kutoka mita 1.22 si kuangushwa kutoka ghorofa ya 4.

Betri ni kubwa na inakaa, lakini kwa nyingi huwezi kuichomoa na kuweka nyingine kama kwenye redio. Ikichoka ni kwa fundi, na simu iliyofunguliwa na fundi usiiamini tena na maji.

La mwisho nililomwambia kijana, na nilirudia mara mbili: nunua antena ya akiba, na usifinye kitufe cha kuongea kabla hujaikaza. Redio ikirusha bila antena, nguvu inarudi ndani, na inaweza kuunguza sehemu ya kurushia. Simu itaendelea kupiga na kupokea kama kawaida, na wewe utadhani wenzako ndio hawasikii.