Ukialikwa Kuendesha Kipindi katika Redio ya Nyumbani

Kwa miaka mingi nilijitolea kutayarisha na kuendesha kipindi cha kila wiki katika kituo kimoja cha redio hapa Moshi, na mpaka leo sijapata kazi nyingine iliyonipa furaha ya namna ile. Nawaandikia wanaoalikwa sasa, wawe wageni wa kipindi au watangazaji wa kujitolea, kwa sababu wengi wao huanza kwa kuhangaikia sauti. Sauti isikusumbue. Linalotangulia ni kukubali kwamba msikilizaji wa redio ya nyumbani anakujua, au anamjua shangazi yako: ni mama anayeuza ndizi Mbuyuni, ni kondakta wa daladala ya Kiboriloni, ni mwalimu aliyekufundisha hesabu, na kesho atakusimamisha njiani akuulize ulikuwa na maana gani.

Kizazi changu kililelewa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwayo tulijifunza, kwa kusikiliza salamu na matangazo ya vifo, kwamba jina la mtu likitajwa hewani ni jambo zito. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, na redio za mikoani zikaanza kuota, raha kubwa ilikuwa kusikia Rau, Pasua na Njoro zikitajwa na mtu anayezikanyaga kila siku. Raha hiyo ina masharti yake. Ukisema habari imetoka Uru, wenyeji watataka kujua kama ni Shimbwe au Mawela, na usipolijua hilo kabla ya kuingia studio, watakusamehe mara moja tu. Vivyo hivyo kwa majina ya wageni: mwombe mgeni alitamke jina lake mwenyewe, ulirudie mbele yake, kisha ulitaje tena na tena wakati wa mazungumzo, kwa maana daima yupo aliyefungulia redio katikati ya kipindi.

Maswali ndiyo yaliyonichukulia muda mwingi kuliko mambo mengine yote, na sijutii. Nilipenda kuwaleta wazee waliosimamia mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka vijito vya mlimani hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, maji ambayo watu huyagawana kwa zamu. Ukimuuliza mzee wa aina hiyo umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji, atakujibu kama anayehutubia mkutano wa kijiji, na wasikilizaji watakwenda kukoroga chai. Muulize nani alikuwa anafungua maji alfajiri, na aliyeiba zamu ya jirani alitozwa nini: hapo ndipo anapocheka, anapotaja faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na anapobishana na mwenzake aliyeketi kando yake. Ilikuwa hivyo pia kwa kahawa. Kila mtu hapa anajua kwamba KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, kwa hiyo hakuna haja ya kumwita mgeni aje kutueleza hilo. Mwite atueleze nani nyumbani kwao alishika fedha za mauzo, na ada ya shule ililipwa kwanza kwa mtoto yupi.

Mgeni akinyamaza, mwache anyamaze kidogo. Watangazaji wapya huogopa ukimya kuliko hata mitambo kuzimika, nao huuziba kwa maneno yasiyo na kazi, ilhali mara nyingi mzee anatafuta tu neno la Kiswahili badala ya lile la Kichagga lililomjia kwanza.

Kuhusu ufundi nitasema machache. Kaa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, na uongee ukikipita kidogo pembeni ili herufi «p» zisilipuke. Ukirekodi nje, acha kinasa sauti kinase ukimya wa mahali hapo kwa dakika nzima, kwa kuwa utauhitaji wakati wa kuunganisha vipande. Ujue pia kwamba mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mgongo mmoja wa mlima unatosha kuyazuia. Usimwahidi mgeni kwamba ndugu zake walio ng'ambo ya korongo watamsikia mpaka uwe umeulizia huko.

Kuna jambo moja ambalo silichukulii kwa wepesi. Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka hapa, ndiko Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikotoa hukumu ya tarehe 3 Desemba 2003 dhidi ya Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa redio ya RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, kwa kuchochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Hatufanani na hali ile, namshukuru Mungu. Hata hivyo, utani wa Wachagga na Wapare, au wa Wamachame na Warombo, ambao barazani ni mtamu kwa sababu anayetaniwa yupo na anajibu, hewani unamfikia mtu asiyeweza kujibu. Mimi niliuacha nje ya studio, ingawa wenzangu waliniona mkavu.

La mwisho ni kumbukumbu. Enzi za kaseti, vituo vingi vilirekodi kipindi kipya juu ya cha zamani kwa sababu kanda zilikuwa ghali, na sauti nyingi za wazee wetu zilipotea kwa njia hiyo. Siku hizi simu yako inahifadhi kipindi kizima bila gharama ya kutajika. Andika jina la mgeni, kijiji chake, tarehe na mada katika jina la faili lenyewe, kisha uipatie familia yake nakala ndani ya wiki ileile, wakiwa bado wanakizungumzia kipindi.