Okidi ya milimani katika joto la Dodoma

SWALI: Dada yangu anayeishi Njombe alinipa okidi aina ya Masdevallia veitchiana, ambayo kwake ilikuwa ikichanua vizuri. Tangu niilete hapa Dodoma mwezi Agosti, ncha za majani zimekauka, na sasa Novemba majani yanadondoka moja moja. Ninaimwagilia kila asubuhi kwa maji ya kisima na nimeiongezea mbolea, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Nifanyeje?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, acha mbolea leo hii, kwa sababu mizizi iliyoungua haiwezi kuitumia. Kagua ukingo wa chungu na matundu ya chini. Ukikuta utando mweupe mgumu, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima, nayo huunguza mizizi kwanza, kisha ncha za majani. Toa mmea, kata mizizi iliyolainika, upande upya katika kuvumwani safi (mimea midogo laini ya mahali penye unyevu), na kuanzia hapo umwagilie kwa maji ya mvua peke yake. Mvua zikianza, kinga maji ya bati na uyahifadhi katika pipa lenye mfuniko, kwa kuwa baada ya Aprili hutapata mengine.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni usiku. Okidi hii asili yake ni milima ya Andes nchini Peru, ikiwemo miteremko iliyo karibu na Machu Picchu, ambako huota juu ya miamba katikati ya nyasi, kwenye mwinuko wa kati ya mita 2,000 na 4,000 hivi. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na kidogo. Mmea huu huweza kuvumilia mchana wenye joto kiasi iwapo usiku utashuka hadi nyuzi 10 au 13, lakini usiku ukibaki na joto, hutumia chakula chote ulichotengeneza mchana na kudhoofika. Tena hauna vifundo vya kuhifadhia maji kama walivyo navyo wenzake wengi, kwa hiyo hewa kavu huumaliza upesi.

Ninakushauri ujenge kibanda kidogo cha mkaa, kama kile cha kuhifadhia mboga, upande wa mashariki wa nyumba. Weka kuta za wavu wa waya mbilimbili, ujaze mkaa katikati, na uuloweshe alasiri na tena kabla ya kulala. Upepo ukipita, maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Hapa ukavu wa hewa yetu unakuwa msaada. Maji ya kisima yanafaa kwa mkaa, mradi yasiudondokee mmea.

Sikufichi kwamba njia hii hupungua nguvu masika yakikolea. Tundika kipimajoto ndani, na kikionyesha zaidi ya nyuzi 18 alfajiri kwa wiki nzima, urudishe mmea Njombe hadi Juni. Ua hilo la rangi ya chungwa, lenye vinyweleo vya zambarau vinavyometa jua likivipiga ubavuni, linastahili safari hiyo. Jani jipya likichomoza, unaweza kurudia mbolea, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.