Punda yupo, yuko au yumo kisimani?

Swali: Assalaam aleikum, mwalimu. Mwanangu yuko gredi ya sita hapa Lamu. Kwenye insha aliandika, "Pale kisimani punda wetu yupo anakunywa maji." Mwalimu wake akakata "yupo" akaandika "yuko". Nyanyake aliposomewa akasema la, kama ni kisimani basi ni "yumo". Mtoto sasa hajui ashike lipi. Lipi ndilo?
Mama wa mwanafunzi, Lamu

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Mtoto ameandika sawa, na alama yake anastahili kurudishiwa. Maneno yote matatu ni Kiswahili safi, ila kila moja lina kazi yake, na hicho kisima chenu kinatosha kuionyesha.

Mtu akisema "kisimani pana punda", punda amesimama penye kisima, waweza kumwonyesha kwa kidole. Akisema "kisimani kuna punda", yuko upande huo wa kisima. Huenda yu nyuma ya ukuta, huenda yu kichochoroni, msemaji hakuhitaji kutaja penyewe. Lakini akisema "kisimani mna punda", tafuteni kamba upesi, mnyama ametumbukia. Neno "kisimani" halikubadilika hata herufi. Ile -ni ya mwisho inatuambia tu kwamba panatajwa mahali. Ni mahali pa namna gani, hilo huamuliwa na pa-, ku- au m-. Na -po, -ko na -mo ni ndugu zao hao: -po ni mahali mahususi, -ko ni upande au eneo, -mo ni ndani.

Kwa hiyo nyanya angekuwa sahihi kabisa kama habari ingekuwa ya maji, maana maji yamo kisimani. Punda akinyweshwa hodhini, maji yamo hodhini, punda yupo hodhini.

Na "yuko" ya mwalimu? Ingefaa katika sentensi nyingine. Hii imeanza na "pale", na "pale" huvuta -po. Hilo ndilo jaribio ninalopenda watoto wafundishwe: kabla ya kuandika, tia neno la kuonyeshea uone lipi linakaa. Likikaa hapa, hapo au pale, andika -po. Likikaa huku, huko au kule, andika -ko. Likikaa humu, humo au mle, andika -mo. "Kule kisimani punda wetu yuko" ni sawa; "pale kisimani punda wetu yuko" imechanganya mbili.

Jaribio hilo hilo linaeleza kwa nini tunauliza "yuko wapi?" Anayeuliza hajui mahali, basi hana haki ya -po bado. Anayejibu ndiye huipata. Abiria akipiga simu kutoka Mokowe kuuliza, "Nahodha yuko wapi?", jibu "yupo gatini" lamwambia aende moja kwa moja gatini. Jibu "yuko huko huko Mokowe" lamwachia kazi ya kumtafuta. Na "yumo chomboni" lamwambia nahodha ameshapanda.

Kwa kuwa -po ni ya uhakika, ndiyo tunayoitumia pia kusema kwamba kitu kipo tu, bila kutaja mahali. Mungu yupo. Sukari ipo. Ukiuliza "upo?" ukajibiwa "nipo", hakuna aliyetaja mahali.

Tazameni nyumba za mawe za Lamu. Wazee wapo barazani, kwa sababu baraza ni pa kukalia juu yake. "Wamo barazani" haifai hapo. Kikombe kilichowekwa kwenye kidaka cha ukutani kimo kidakani, kwani kidaka kina uwazi na kikombe kimeingia. Ukisema "kipo kidakani" hukukosea. Umethibitisha tu kwamba hakijaondolewa. Nayo -mo haiishii kwenye vyumba na vyombo. Jina lako limo katika orodha, nawe umo miongoni mwa waliochaguliwa.

Kosa linaloniuma zaidi kuliko hili la insha ni "niko na swali" na "kuko na maji", ambalo sasa lasikika hata pwani. Kumiliki, na kusema kwamba mahali pana kitu, ni kazi ya -na: nina swali, kuna maji. "Niko na" ina maana yake nyingine, ya kuwa pamoja na mtu. "Niko na daktari" ni kwamba tumeketi naye sasa hivi. "Nina daktari" ni kwamba ninaye wa kunitibu. Anayezichanganya anapoteza tofauti ambayo lugha ilikwisha mpa bure.

Mwisho, kwa kuwa mtoto ataikuta karibuni: umbo la msingi ni "kuwapo", yaani "kuwa" ikiungwa na -po. "Kuwepo" imeenea mno na sikati alama kwayo, lakini katika insha rasmi mshaurini aandike "kuwapo" na "alikuwapo". Ile -e- ina mahali pake palipo wazi: katika kuamrisha na kutakia, kama "awepo saa mbili asubuhi".