Jibu: Kwa nini uhandisi wa vifaa tiba unaanza na fiziolojia?

Mdogo wangu, unalalamika mnakaririshwa fiziolojia, yaani jinsi moyo, mapafu na mwili mzima vinavyofanya kazi, wakati ulifuata mashine. Haya, chukua kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Kinapitisha mwanga mwekundu, nanomita 660 hivi, na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya 940. Himoglobini, ile protini ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa haijabeba oksijeni hunyonya zaidi ule mwekundu. Lakini kidole kina ngozi, mfupa na vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, pia. Damu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, utaitambuaje? Ndiyo inayodunda! Ujanja huo aliuona Takuo Aoyagi, Mjapani, miaka ya 1970. Sasa mgonjwa ana vidole vya baridi, au bibi harusi kapaka piko, namba zinayumba. Asiyejua mwili atabadilisha betri.